Peleti yangu inapitisha joto theluthi moja chini ya vitabu, nimekosea wapi?

Binti Fononi:

Wakuu habari za humu. Mimi nasoma uzamili, fizikia ya mango, na mada niliyopewa ni upitishaji joto kwenye oksidi ya urani, ile UO2 inayotumika kama fueli kwenye vinu vya nyuklia. Urani yenyewe sijaigusa bado maana ina vibali vyake na maabara yake, kwa hiyo supavaiza akasema nianze na oksidi ya seriamu, CeO2, atomi zake zimejipanga vilevile kama za UO2 na haina mionzi, nikishazoea kazi ndo nihamie kwenye kitu chenyewe.

Sasa nilichofanya ni hivi. Nimechukua unga safi wa CeO2, nikaushindilia kwenye mashine ya kubania, nikauchoma nyuzi 1600 masaa sita ndani ya argoni yenye haidrojeni kidogo, zikatoka peleti (vidonge vya silinda) zenye densiti asilimia 88 ya ile ya kinadharia. Nikakata vipande vya unene wa milimita mbili hivi nikaenda kupima kwa leza, ile njia ya kupiga mwanga upande mmoja afu unasubiri upande wa pili uone joto linachukua muda gani kufika. Nimepima mara nne na namba zinarudiana vizuri kabisa, shida ni kwamba zote ziko karibu theluthi moja chini ya zile zilizochapishwa. Zingekuwa zinaruka ruka ningesema mashine mbovu, ila hizi zimetulia, zimekosea kwa adabu.

La pili, hili ni la kuelewa tu. Nikisoma naona metali ya urani inapitisha joto kama 27 W/mK (wati kwa mita kwa kila kelvini) kwenye joto la chumba, UO2 ni kama 7.6, na ukifika nyuzi elfu moja na mia saba UO2 inabaki 2 na kidogo. Yaani kitu ambacho kazi yake yote ni kutoa joto tumeamua kukitengeneza kwa mada isiyopenda kupitisha joto. Kuna mantiki gani hapo? Naombeni mnieleweshe, supavaiza nikimuuliza anasema kasome.

Atomu92:

Dada karibu. Swali la kwanza nawaachia watu wa maabara, mimi nalipenda hilo la pili.

Metali ya urani ukiiangalia kwenye jedwali ni nzuri sana, densiti 19, inapitisha joto, lakini ukiishi nayo inakuchosha. Kuanzia joto la chumba mpaka nyuzi 668 iko kwenye umbo la alfa, hapo ukiipasha moto inatanuka pande mbili na upande wa tatu INASINYAA, we fikiria fimbo ya metali yenye fuwele nyingi zimeelekea huku na huku, kila moja inavuta upande wake. Ikipita 668 inageuka beta, 775 inageuka gama, na 1132 inayeyuka. Kila kugeuka na ujazo unabadilika. Ukiiweka kwenye mionzi ya neutroni inarefuka upande mmoja na kusinyaa mwingine hata kama joto halijabadilika. Na juu ya yote ganda (lile bomba linaloifunika fueli) likitoboka maji ya moto yakaifikia, inaoza kwa kasi.

UO2 imekaa na umbo lake moja la kyubiki kutoka kwenye joto la chumba mpaka kuyeyuka, nyuzi kama 2850. Na maji ya kinu yaliyodhibitiwa vizuri haigombani nayo sana. Ndo maana ikashinda. Ni kama kuchagua mtu wa kuishi naye, huangalii sifa moja.

Ila metali haikutupwa. Vinu vya mwanzo vya Uingereza kama Calder Hall, 1956, vilitumia metali ya urani na kupoozwa kwa gesi ya kaboni dayoksidi, na kule Idaho Marekani kinu cha EBR-II kilitumia aloi za metali kuanzia 1964 mpaka 1994. Jamaa wa EBR-II waligundua dawa ya kuvimba, wanaacha nafasi ndani ya bomba, karibu robo, fueli inavimba mpaka gesi zinapata njia ya kutokea afu inatulia. Na walipoozea sodiamu, sio maji.

Kichekesho cha pembeni. Klaproth alipogundua urani 1789 alipata unga mweusi akatangaza ndo metali mpya. Kumbe ilikuwa oksidi! Ikapita miaka zaidi ya hamsini mpaka Péligot mwaka 1841 akaitoa metali yenyewe. Kwa hiyo hii oksidi yako ilishawahi kumdanganya mkemia mkubwa kuwa ni kitu kingine, usishangae ikikusumbua na wewe.

Fundi Tanuri:

Mdogo wangu kabla hatujaenda mbali nijibu matatu tu. Peleti zako zilitoka tanurini na rangi gani? Ulizipaka nini kabla ya kupiga leza? Na zikikaa mezani siku kadhaa kuna chochote kinabadilika?

Binti Fononi:

Asante Atomu92, nimecheka hiyo ya Klaproth.

Fundi shikamoo. Rangi ni bluu iliyoiva, karibu na kijivu cheusi. Nilifurahi kweli maana UO2 nayo ni nyeusi nikajua nimepatia. Nimepaka grafaiti upande unaopigwa leza tu, na nyepesi. Na kweli, mbili zimeanza kumeguka kingo baada ya wiki, nikadhani ni mimi nilizibana vibaya.

Fundi Tanuri:

Marahaba. Basi umeshajijibu mwenyewe hapo kwenye rangi.

CeO2 ya kawaida ni nyeupe inayoelekea njano hafifu. Ikitoka bluu nyeusi maana yake imenyang'anywa oksijeni. Wewe umechukua resipe ya UO2 ukaipikia CeO2, na hizi mbili zinafanana umbo ila kwa oksijeni ni watu wa tabia tofauti kabisa. Urani ina njaa ya oksijeni, ukiichoma UO2 kwenye hewa haitaki kubaki na oksijeni mbili, inakimbilia U3O8, densiti inashuka kutoka karibu 11 hadi 8.3, ujazo unaongezeka kama asilimia 36 na peleti inageuka unga mbele ya macho yako. Ndo sababu ya ile haidrojeni, kuizuia isile. Seriamu yako ni kinyume, yenyewe kwenye joto kali inaachia oksijeni, sasa ukiiwekea na haidrojeni ndo umemsukuma mlevi kwenye mteremko. Unapata CeO2 yenye mashimo ya oksijeni kila mahali.

Na joto kwenye hizi oksidi linabebwa na mitetemo ya atomi, hizo fononi ulizojipa jina lake. Elektroni hazisaidii hapo kama kwenye metali. Kila sehemu oksijeni ilipokosekana fononi inajikwaa. Hata UO2 iko hivyohivyo, ukizidisha oksijeni kidogo ikawa UO2.05 au UO2.1 upitishaji unaporomoka vizuri tu, haihitaji uchafu mwingine. Kwa hiyo mtu akiniletea namba ya upitishaji wa UO2 bila kuniambia oksijeni ngapi na densiti ngapi mimi hiyo namba siichukui, namrudishia.

Kingo kumeguka: peleti ikikaa kwenye hewa inarudisha oksijeni taratibu kuanzia nje, ile sehemu iliyorudisha inasinyaa kidogo, ya ndani bado imevimba, inapasuka. Na mipasuko midogo usiyoiona nayo inakata njia ya joto. Kwa hiyo unaliwa mara mbili.

Mara ya tatu ni densiti. Asilimia 88 maana yake 12 ni hewa. Unayolinganisha nayo kwenye machapisho mara nyingi imesahihishwa iwe ya asilimia 95 au 100. Kuna sahihisho rahisi, (1−P) gawanya kwa (1+0.5P), P ni sehemu ya vinyweleo. Kwa 88 inakupa 0.83, kwa 95 inakupa 0.93, yaani namba yako inashuka asilimia kumi kwa hilo tu hata kama kila kitu kingine ungefanya sawa.

Kwenye grafaiti umekosea kidogo ila ukienda kwenye peleti nyeupe itakuwa kosa kubwa. CeO2 safi inapitisha mwanga, leza inaingia ndani badala ya kuishia juu, na kipima joto cha nyuma kinaona vya ndani badala ya uso. Paka pande ZOTE mbili, na wengine wanatanguliza utando mwembamba wa dhahabu kabla ya grafaiti. UO2 haisumbui sana hapo kwa sababu nyeusi yake ni ya asili.

Choma tena kwenye hewa ya kawaida, nyuzi 1500 mpaka 1600, poza polepole, ukiharakisha kupoza itapasuka uje tena humu kulia.

msomaji_kimya:

Samahani kuingilia, mimi sio mtu wa sayansi hizi, nauliza tu. Hivi hizo peleti za urani zenyewe mtu akizishika mkononi si anakufa?

Atomu92:

Peleti mpya ambayo haijaingia kinuni watu wanaishika na glovu za kawaida. Urani 238 nusu ya maisha yake ni miaka bilioni 4.5, yaani inatoa mionzi taratibu sana na mingi ni alfa ambayo ngozi inaizuia. Hatari yake ni vumbi, ukilivuta au kulimeza, na kikemia inaumiza figo kama metali nyingine nzito. Ndo maana kazi za unga zinafanyiwa ndani ya kisanduku kilichofungwa. Ikishatoka kinuni hiyo ni habari nyingine kabisa, hapo huikaribii, inashikwa kwa mikono ya mashine nyuma ya ukuta mnene au ikiwa ndani ya maji.

Neutroni Polepole:

Nimechelewa uzi mtamu. Mimi ni wa hesabu, tanuri silijui, ila niongeze kwenye swali la pili maana Atomu92 kaeleza kwa nini metali ilishindwa ila hajaonesha hiyo UO2 inatugharimu nini, na hapo ndo utajua kwa nini mada yako ina maana.

Chukua fimbo ya fueli inayotoa kilowati 20 kwa kila mita. Kwa silinda inayotoa joto sawasawa kila mahali kuna kanuni tamu sana, ukijumlisha upitishaji (integro ya k) kutoka joto la uso mpaka la katikati unapata hiyo nguvu gawanya 4π. Kipenyo hakimo! Peleti nene au nyembamba, kama nguvu kwa mita ni ileile tofauti ya joto ni ileile. 20,000 gawanya 12.57 ni kama 1592. Weka uso wa peleti nyuzi 450, tumia fomula ya Fink ya mwaka 2000 ambayo watu wengi wanaitumia kwa UO2 ya asilimia 95, katikati unapata kama nyuzi 880. Peleti za vinu vya maji zina kipenyo cha milimita nane hivi, kwa hiyo ndani ya milimita NNE joto linapanda nyuzi 430. Zaidi ya mia moja kwa kila milimita. Kauri gani itavumilia hiyo bila kupasuka? Hakuna, na kweli zinapasuka, peleti inapasuka vipande mara tu kinu kikipanda nguvu, kilichobaki bomba la zirkoni ndo linavishikilia pamoja.

Metali yenye k ya 35 tofauti ingekuwa nyuzi 45 tu. Hiyo ndo bei tunayolipa.

Afu inazidi kuwa mbaya kadri fueli inavyotumika. Kila atomi ya urani iliyopasuka inaacha mbili nyingine mahali ilipokuwa moja, zinakuwa takataka za kukwaza fononi, pamoja na zenoni na kriptoni ambazo ni gesi, hazina pa kukaa, zinatengeneza vipovu, nyingine zinatorokea kwenye mwanya kati ya peleti na bomba. Mwanya ulijazwa heliamu kwa makusudi sababu inapitisha joto vizuri kwa gesi, zenoni ikiingia inaharibu. Kwa mfano tu tuseme upitishaji umeshuka nusu na nguvu haijabadilika: ile 880 inakuwa karibu 1500. Haikuwa mara mbili ya tofauti, ni zaidi, kwa sababu k yenyewe inashuka joto likipanda kwa hiyo inajisukuma. Inashuka mpaka kwenye kelvini kama 2000 afu inaanza kupanda tena kidogo, pale juu chaji za umeme zinapata nguvu ya kuruka kutoka atomi hadi atomi na kubeba joto.

Ndo maana watu walikaa miaka na miaka pale kinu cha Halden, Norway, wanatoboa fueli katikati wanaingiza kipimajoto wakati kinu kinafanya kazi. Kilifungwa 2018 na wengine tulisikitika.

Na dada kama utataka kuhesabu badala ya kupima, angalia mtego: ukiweka UO2 kwenye DFT ya kawaida (hesabu ya kompyuta ya tabia za elektroni) inakwambia ni metali. Wakati ni kihami. Elektroni zake za tabaka la 5f zinakaa kila moja kwa atomi yake kwa sababu zinasukumana, na hesabu ya kawaida hailioni hilo mpaka uongeze ile U ya Hubbard, namba ya kuwakilisha huko kusukumana. Mwenzangu mmoja alikaa wiki tatu anasifia upitishaji umeme wa ajabu alioupata.

Atomu92:

Neutroni swali la uchokozi, kama oksidi ni mbovu hivyo mbona wasihamie naitraidi, UN? Inapitisha joto mara kadhaa zaidi, na tena joto likipanda upitishaji nao unapanda, densiti 14.3, urani kwenye ujazo uleule ni asilimia 40 zaidi.

Neutroni Polepole:

Mtego huo naujua. Naitrojeni ya kawaida asilimia zaidi ya 99 ni N-14, hiyo inakula neutroni na kugeuka kaboni 14 yenye mionzi, hasara mara mbili. Inabidi utafute N-15 ambayo kwenye hewa haifiki hata nusu asilimia, kuitenga ni gharama. Na mvuke wa moto unaibomoa. Silisaidi U3Si2 inasemwa sana pia, inapitisha vizuri na joto likipanda ndo inazidi, ila inayeyuka 1665 na maji nayo haiyapendi. Binafsi naona UN itafaa kwenye vinu vya kupoozwa kwa risasi au sodiamu, kwenye maji mimi bado sijashawishika.

Urani ni kinyonga jamani. Iunge na oksijeni mbili inastahimili 2850, iunge na florini sita inageuka mvuke kwenye nyuzi 56 na nusu, hata kuyeyuka haiyeyuki, inatoka mango moja kwa moja kuwa gesi.

Fundi Tanuri:

Hapo kwenye naitraidi nakubaliana, nimewahi kushika unga wake, ndani ya kisanduku cha argoni oksijeni ikizidi kidogo tu unaupoteza. Watu wa hesabu mnasema "iunge na naitrojeni" kama kuunga mboga.

Binti Fononi:

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya, tanuri lilikuwa na foleni.

Nimechoma upya kwenye hewa, 1550, nikapoza nyuzi mbili kwa dakika. Zimetoka njano hafifu kama Fundi alivyosema, na supavaiza alipoziona akasema "enhee" tu, yaani alijua siku zote! Densiti asilimia 93. Nimepaka dhahabu na grafaiti pande zote. Nimesahihisha vinyweleo. Tofauti na machapisho kutoka theluthi moja imeshuka mpaka asilimia 4, na zile za bluu nimezitunza, nataka nizipime pembeni kuonesha oksijeni ilivyofanya, nadhani inaweza kuwa sura nzima ya tasnifu.

Hizo asilimia 4 sasa ndo zinaninyima usingizi. Namba zangu zote ziko chini kwa kiasi kilekile, kwenye kila joto.

Fundi Tanuri:

Safi sana, na hizo za bluu usizitupe kweli, zifungie kwenye argoni zisiendelee kubadilika.

Fomula ya leza unene uko kipeo cha pili. Ukikosea unene asilimia 2, jibu linakosea 4. Unene ulipima na nini na sehemu ngapi?

Binti Fononi:

Kaliper. Katikati, mara moja.

Fundi Tanuri:

Mikromita. Sehemu tano. Nakusubiri.